Kwa nini Elio imebuma halafu Moana 2 imepiga bilioni? Wajuzi wa katuni nielewesheni

BabaMapacha

Wakuu heshima kwenu, wakubwa wote shikamooni.

Kuna kitu kimenikaa kichwani wiki ya pili sasa. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani ni kula na kupigana tu, nikaenda kwa jamaa wa laibrari hapa mtaani akanijazia flashi katuni kama nane hivi. Mimi ni mtu ambaye huwa naanza kuangalia na watoto, wao wanalala, mimi naendelea mpaka mwisho, mke wangu ananicheka kila siku. Juzi tukaweka Elio. Wakuu ile kitu ni nzuri! Mtoto yatima analelewa na shangazi yake, mpweke, anaomba usiku na mchana viumbe wa angani waje wamchukue, na kweli wanakuja wanamchukua wakidhani ndo kiongozi wa dunia nzima. Kuna sehemu nilijifanya naenda kuangalia kama geti limefungwa kumbe nafuta machozi.

Kesho yake nikaingia mtandaoni kuisoma, nakuta eti ndo katuni iliyofungua vibaya kuliko zote za Pixar (studio ya Disney), wikendi ya kwanza Marekani dola milioni 20 na ushee, na dunia nzima imeishia milioni 154 hivi. Halafu Moana 2, ambayo kwangu mimi ni ya kawaida sana (wanangu wenyewe wanaimba nyimbo za ile ya kwanza, za hii hata hawazijui), imepita bilioni 1. Sa shida ni nini? Watu hawajui kitu kizuri au mimi ndo sijui?

Mhasibu_Mstaafu

Marahaba Baba Mapacha. Nimekaa na mahesabu miaka mingi, si ya sinema, ila hesabu ni hesabu, ngoja nikuvunjievunjie.

Hizo namba unazosoma ni hela ya dirishani, ya tiketi. Sio hela ya studio. Mwenye ukumbi naye anakata chake, Marekani wanagawana karibu nusu kwa nusu, nchi nyingine studio inapata pungufu ya hapo, na China mgeni anaondoka na kama robo tu. Kwahiyo dirishani ikiingia 154 studio inaambulia labda 70. Na kuitengeneza tu si chini ya milioni 150, hapo hujaweka matangazo, ambayo kwa katuni kubwa ya Kimarekani yanaweza kugonga milioni 100 peke yake. Ndo maana wanaofuatilia hii biashara wana kanuni yao ya harakaharaka, chukua bajeti zidisha mara mbili na nusu, ukipita hapo umeanza kuona faida. Piga mwenyewe, 150 mara mbili na nusu ni 375. Imepata 154. Hiyo haijabuma mwanangu, imezama na nahodha wake.

Ila usihukumu kwa wikendi ya kwanza peke yake. Katuni ni kama mama ntilie mpya kafungua kibanda, siku ya kwanza wanakuja majirani kumpongeza, wiki ya tatu ndo utajua kama wali una chumvi. Elemental ya 2023, hao hao Pixar, ilifungua na milioni 29.6 kwa bajeti ya milioni 200, magazeti yakaandika tanzia kabisa. Lakini walioiona wakaenda kuwaambia wenzao, taratibu taratibu ikafika milioni 496. Korea Kusini peke yake zilikatwa tiketi zaidi ya milioni 7, maana ni hadithi ya familia ya wahamiaji na mwongozaji mwenyewe wazazi wake walitoka Korea. Ile ya paka mwenye buti ya Desemba 2022 nayo ilianza na milioni 12.4, ukiangalia hiyo namba unasema basi, ikaja ikapita 480.

Sasa Elio nayo walioiona waliipenda, pale Marekani watazamaji waliohojiwa wakitoka ukumbini waliipa alama ya A. Ila ukianza na watu wachache mno, hata wakisifia vipi, sauti haifiki.

Tandale_Original

Mkuu unalia Elio imekosa hela wakati wewe umeiangalia kwa flashi ya buku mbili 😂😂😂 Pixar wakutafute

BabaMapacha

Hahaha we acha tu. Buku jero bwana, mimi mteja wa siku nyingi.

Mama Shadya

Nyie wanaume mnazungumza mabilioni mnasahau nani anayefungua pochi. Katuni haiuzwi kwa mtoto, inauzwa kwa mama yake.

Mdogo wangu yuko Minneapolis, ana watoto wanne. Aliniambia kwenda nao sinema mara moja, tiketi zake na za watoto, bisi, soda, maegesho, hapo na mmoja lazima atataka kwenda chooni katikati ya picha, ile hela anayotoa ananunua vitu vya nyumbani vya siku kadhaa. Sasa mtu wa namna hiyo atabahatisha? Habahatishi! Anataka kitu anachokijua. Moana anaijua, watoto wamelala nayo wameamka nayo miaka yote, nguo wanazo, mkoba wa shule upo. Hilo jina Elio anamjua nani?

Na kuna kingine. Wakati wa korona hao Disney walichukua katuni tatu mfululizo za Pixar, ile ya mpiga piano, ile ya samaki wa Italia na ile ya msichana anayegeuka panda, Wamarekani wakaletewa sebuleni kwenye apu ya kulipia kila mwezi, hawakutoa hata senti ya tiketi. 2020, 2021, 2022, mwaka baada ya mwaka. Wazazi wakazoea. Ndo mdogo wangu anavyosema, dada, kwani nina haraka gani? Nikisubiri miezi miwili mitatu inaingia sebuleni, watoto wanaangalia mara kumi kwa bei ileile niliyokwishalipa. Umemfundisha mteja kukopa halafu unalalamika hanunui kwa keshi.

Kwahiyo Baba Mapacha swali lako "ni nzuri au mbaya" mzazi anakuja kujiuliza akishafika ndani ya ukumbi. Akiwa nyumbani anajiuliza "hii inasubirika au haisubiriki". Moana 2 haikusubirika, maana mtoto alikuwa anakukumbusha kila asubuhi.

Msee_wa_Umoja

Mama Shadya heshima, hapo umeongea. Ila mimi kutoka huku Nairobi nakataa kidogo, wadau tusiwaonee huruma sana Pixar.

Ile movie ilikuwa na shida jikoni. Ilikuwa itoke Machi 2024, ikaahirishwa mpaka Juni 2025, mwongozaji wa kwanza akaondoka kwenda kushika kazi nyingine, wakaingia wawili wengine wakabadilisha vitu. Sasa mpishi akibadilishwa chakula kikiwa kwa moto hata kikitoka kitamu bajeti imeshapanda, na wale wa matangazo wanakuwa hawajui wauze nini. Mimi niliona trela nikauliza hii ni ya kuchekesha ama ya kutoa machozi? Jicho moja, makelele ya anga, rangi rangi. Hadithi yenyewe ya mtoto mpweke na shangazi hukuiona pale. Wewe umelia Baba Mapacha, lakini nani alikuambia kabla kwamba utalia? Hakuna.

Halafu angalia siku waliyochagua. Wiki moja kabla yao kulikuwa kumetoka ile ya mazimwi iliyorudiwa na watu halisi, bado imejaza kumbi. Mwezi mmoja nyuma yake, Lilo na Stitch nayo ya watu halisi, hiyo ilikuja kuvuka bilioni. Na wote ni wateja walewale, mama yuleyule wa Mama Shadya wa Minneapolis! Ashaenda mara mbili, ya tatu anatoa wapi?

Na hii ndo inaniuaga kabisa. Siku ileile Elio inatoka, 20 Juni 2025, Netflix wakatoa KPop Demon Hunters. Original pia, hakuna aliyekuwa anawajua wale madem watatu. Ikakuwa ndo filamu iliyotazamwa zaidi katika historia ya Netflix, ngoma yake ikashika namba moja Marekani, na mwezi wa nane wakaipeleka kwa kumbi siku mbili watu waimbe pamoja, ikaongoza wikendi hiyo wakati kila mtu tayari yuko nayo nyumbani. Sasa mnaniambia watu hawataki vitu vipya? Watu wanataka vitu vipya, shida ni hawataki kulipa kwanza ndo wajue.

Mhasibu_Mstaafu

Hapo kwenye KPop umenishika kijana, sikuwa nimeunganisha hizo tarehe.

Fundi_Fremu

Nimesubiri sana mtu aguse gharama, naona wote mnapita juu juu. Mimi nafanya animesheni hapa Dar, matangazo ya biashara na katuni fupi za kufundishia watoto, kwahiyo naongea kwa uchungu.

Kubuma na kubamba sio namba moja. Ni umbali kati ya ulichotumia na ulichopata. Tukisema Elio imepata 154 ikabuma, kuna katuni ikipata 154 tunachinja mbuzi. Angalieni Illumination, wale wa Minions, kazi yao kubwa inafanyika Paris na bajeti zao huwa milioni 70 mpaka 100. Mario ya 2023 ilitengenezwa kwa milioni 100, ikarudisha bilioni 1.36. Mwaka huohuo Disney wametoa Wish kwa karibu 200, ikapata kama 255, hasara. Yani Wish ingetengenezwa na bajeti ya Minions leo tungekuwa tunasema haikufanya vibaya. Roboti yule wa porini wa 2024, milioni 78 tu, imeingiza zaidi ya 300, na ukiangalia picha yake ni kama imechorwa kwa brashi, inapendeza kuliko nyingi za milioni 200.

Hela inaenda wapi? Mishahara ya California kwanza, watu mamia kwa miaka minne mitano. Pili ni ile tabia ya kubomoa na kujenga upya. Pixar wanasifika kwa hilo, hadithi haijakaa vizuri inavunjwa inaanza tena, na kwa miaka mingi ndo ilikuwa siri yao ya kutoa vitu vizuri. Lakini kila ukivunja unalipa. Enzi kila katuni inarudisha milioni 600, 700 ulikuwa unaweza. Sasa hivi huwezi.

Upande wa pili wa dunia kuna Flow, ya yule paka mweusi na mafuriko. Latvia, nchi ndogo hata wengi wetu tunaichanganya na Lithuania. Euro milioni 3.5, imetengenezwa na Blender, programu ya bure kabisa, hiyohiyo niliyonayo kwenye kompyuta yangu hapa wakati umeme upo. Hakuna neno hata moja linalosemwa ndani yake, kwahiyo hakuna hela ya kulipa waigizaji wa sauti wala ya kutafsiri. Ikarudisha zaidi ya mara kumi ya hiyo bajeti na ikabeba Oscar ya 2025 mbele ya Inside Out 2 iliyoingiza karibu bilioni 1.7. Niambieni hapo nani kashinda. Ukiuliza mwenye hisa atakwambia hivi, ukiniuliza mimi nitakwambia vingine.

Tandale_Original

Fundi umeme ukirudi weka na sisi katuni ya Sungura na Fisi tuone

Fundi_Fremu

Lete euro milioni 3.5 ndugu yangu, Sungura yuko tayari toka 2019 yuko kwenye hadi diski anasubiri.

Abu_Rayyan_Dubai

Assalaam alaykum. Nipo huku Dubai miaka saba, nina la kuongeza kwenye upande wa soko la nje maana mnazungumza kama vile katuni inauzwa Marekani tu.

Mwaka 2022 tulikuwa tunasubiri Lightyear na watoto, ile ya Pixar yenye jina la Buzz, mwanasesere wa Toy Story, huku ikapigwa marufuku kabla haijaingia kwa sababu ya busu la wanawake wawili, na Saudia na nchi nyingine kadhaa hivyohivyo. Sisemi ndo iliyoiangusha, maana hata Marekani kwenyewe haikufika mbali, dunia nzima 226 kwa bajeti ya 200. Kilichoiangusha kwa mtazamo wangu ni kwamba watu hawakuielewa ni nini. Jina la mtu wanayemjua lakini sio yeye. Mwanangu aliniuliza, baba huyu ndo yule mwanasesere? Nikamwambia hapana, huyu ni mwanaanga ambaye yule mwanasesere ametengenezwa kwa kumfuata. Mtoto akaniangalia tu. Kama unahitaji kumweleza mtoto wa miaka sita kwa sentensi mbili ndo aelewe, tiketi hujauza.

Ila kukosa nchi zaidi ya kumi kwa mpigo nako si mchezo, watu wa huku wanapenda sana sinema, nje joto, familia zinashinda mall.

Msee_wa_Umoja

@Abu_Rayyan_Dubai wa alaykum salaam. Hiyo ya "baba huyu ndo yule" ingefaa kuandikwa kwa mlango wa ofisi yao 😂

Kijiweni_Mwanza

Mbona hakuna anayesema Ne Zha 2? Hiyo ndo imepiga zote, zaidi ya dola bilioni 2, na mnajadili Pixar tu kana kwamba dunia inaishia Hollywood.

Fundi_Fremu

Uko sahihi kabisa, tumeipita. Imetoka 29 Januari 2025, mwaka mpya wa Kichina, wakati familia nzima bibi na babu wako pamoja na wana nafasi. Bajeti inatajwa kama milioni 80. Karibu hela yote imetoka China yenyewe, huko nje ilipopelekwa haikufanya cha kutisha. Na hapo ndo pazuri pa kujifunzia, Nezha ni mtoto wa hadithi zao za kale, kila Mchina amesimuliwa na bibi yake, kwahiyo ni "jina linalojulikana" bila kuhitaji sehemu nyingi zilizotangulia. Ingawa sehemu ya kwanza ipo pia, ya 2019, na yenyewe ilifanya vizuri mno, zaidi ya milioni 700.

Unaona sasa, ni ileile ya Mama Shadya. Mchina hakubahatisha.

Mama Shadya

Asante mwanangu Fundi. Na Simba wa 1994 alikuwa na jina gani linalojulikana? Alikuwa mpya yule, hana part one, na akaingiza zaidi ya milioni 700 kwa hela za wakati huo. Sisi ndo tuliojua maana ya Simba na Rafiki, Wamarekani walikuwa wanasikia sauti tu. (Na hilo Hakuna Matata lao, hebu niambieni Tanga nani anasema hivyo? Hamna shida, basi.)

Nataka kusema kitu kipya kilikuwa kinauzika, enzi hizo mtu akiikosa ukumbini anasubiri kanda ya video mpaka mwaka mwingine. Alikuwa anajua akikosa amekosa.

Mhasibu_Mstaafu

Naongeza moja halafu nikalale. Msisahau hela isiyoonekana dirishani. Katuni ya magari ile, Cars, wachambuzi wengi waliona ni ya kawaida kwa kipimo cha Pixar, lakini midoli, mabegi na shuka zake zilikuwa zimeshauza zaidi ya dola bilioni 10 ilipofika sehemu ya pili 2011. Ukiona studio inarudia kitu ambacho wewe umekichoka, nenda Kariakoo kaangalie magauni ya Elsa yaliyoning'inizwa pale, tena mengi hata hayajalipiwa haki miliki. Elio utaning'iniza nini?

Na hiyo Moana 2 unayosema ya kawaida Baba Mapacha, ilianza kama tamthilia ya kwenye apu, sio filamu. Mwanzoni mwa 2024 ndo wakaamua kuigeuza iingie kumbini, Novemba ikatoka, siku tano za sikukuu yao ya shukrani ikakusanya dola milioni 225 Marekani peke yake. Kwahiyo jicho lako halijakosea, ina mishono inayoonekana. Ila siku hizo tano Wamarekani wako mapumziko, ndugu wamejaa nyumbani, watoto wanasumbua, kila mtu anatafuta kisingizio cha kutoka. Elio ilitupwa Juni katikati ya mazimwi.

Tandale_Original

kwahiyo conclusion ni flashi

Msee_wa_Umoja

Wewe ulishaamua kutoka mwanzo bana 😂

Lakini serious, kuna ile roboti kubwa ya chuma ya 1999, studio ya Warner waliitangaza vibaya mpaka ikapata kama milioni 31 tu, hasara kubwa. Leo ukiuliza watu wanaopenda katuni wanaiweka kwa kumi bora. Na yule mwongozaji wake akahamia Pixar akatoa The Incredibles 2004, zaidi ya 600. So Baba Mapacha usijione mjinga kwa kulia na Elio, labda miaka ishirini ijayo mapacha wako wataionyesha watoto wao. Kwa flashi.

BabaMapacha

Wakuu nimesoma zote, asanteni sana. Mzee Mhasibu shikamoo tena, ile ya mara mbili na nusu nimeipeleka mpaka kazini, jana nilimpigia mtu hesabu ya baa anayotaka kufungua akaghairi.

Sasa nimeona aibu kidogo kwa sababu ya huyu Tandale, nikasema Jumamosi hii nawapeleka wanangu sinema kweli, hela halali, dirishani. Nikawaita mapacha nikawaambia chagueni. Wote wawili kwa sauti moja, ile ya sungura polisi na mbweha, namba mbili. Nimeangalia mtandaoni imeshapita bilioni tayari. Nikasema ngoja nijaribu, nikawaambia jamani si tutafute katuni mpya kabisa, ambayo hamjawahi kusikia, pengine nayo ni nzuri kama ile ya Elio mliyoipenda?

Mdogo akaniuliza, "Elio ndo ipi?"

Walikuwa wameshalala.